Onyo la Toronto na miaka iliyofuata

Mji wa Toronto umejengwa ukingoni mwa Ziwa Ontario, kusini mwa Kanada. Ni mji mkubwa kuliko yote nchini humo, mji wa mabenki, wa biashara na wa wahamiaji waliotoka kila pembe ya dunia. Mtu aliyeko Mombasa, Mwanza au Bukavu anaweza kujiuliza mji huo wa baridi na theluji una uhusiano gani na matumbawe ya Unguja, na ng'ombe wanaokufa kwa kiu Garissa, au na bei ya unga sokoni. Jibu la swali hilo linaanzia katika siku nne za mwezi Juni, mwaka 1988.

Kuanzia tarehe 27 hadi tarehe 30 ya mwezi huo, zaidi ya wanasayansi, wanadiplomasia na viongozi 300 kutoka nchi 46 walikutana Toronto kwa mwaliko wa serikali ya Kanada. Waziri Mkuu wa Kanada wa wakati huo, Brian Mulroney, alihutubia, na vilevile Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norway, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameongoza tume ya Umoja wa Mataifa iliyotoa ripoti mashuhuri juu ya mazingira na maendeleo. Kiti cha mwenyekiti kilikaliwa na Stephen Lewis, balozi wa Kanada katika Umoja wa Mataifa, ambaye Waafrika wengi walikuja kumfahamu baadaye, kuanzia mwaka 2001, alipokuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu UKIMWI barani Afrika.

Mada ya mkutano ilikuwa hewa inayoizunguka dunia. Wanasayansi walieleza jambo ambalo wakati huo lilikuwa halijawafikia watu wa kawaida. Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia vinapochomwa katika viwanda, magari na mitambo ya umeme, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo haionekani wala hainuki. Huruhusu mwanga wa jua kupita na kufika ardhini, lakini huzuia sehemu ya joto lisirudi angani, kama vile blanketi linavyozuia joto la mwili lisitoke. Kadiri gesi inavyozidi ndivyo blanketi linavyozidi kuwa zito, na dunia iliyo chini yake inazidi kupata joto.

Msimu wenyewe ulisaidia watu kusikiliza. Majira ya joto ya mwaka 1988 yaliikausha sehemu kubwa ya Amerika Kaskazini, na mazao ya nafaka yaliharibika. Tarehe 23 Juni, siku chache tu kabla ya mkutano wa Toronto kufunguliwa, mwanasayansi James Hansen wa shirika la anga za juu la Marekani aliiambia kamati ya Seneti mjini Washington kwamba ongezeko la joto duniani limekwisha kuanza na linaweza kupimwa. Isitoshe, palikuwa na sababu ya kutumaini. Mwezi Septemba mwaka 1987, katika mji mwingine wa Kanada, Montreal, mataifa yalikuwa yamekubaliana kupunguza kemikali zilizokuwa zikitoboa tabaka la ozoni. Waliokutana Toronto waliamini kwamba lililowezekana kwa kemikali zile lingewezekana kwa gesi ya kaboni pia.

Tamko lililotolewa mwishoni mwa mkutano lilikuwa na maneno mazito. Lilisema kwamba binadamu wanaifanyia dunia nzima jaribio ambalo hawakulikusudia na hawana uwezo wa kulidhibiti, na kwamba matokeo yake ya mwisho huenda yakapitwa kwa ubaya na vita vya nyuklia peke yake. Ikumbukwe kwamba mwaka 1988 Ukuta wa Berlin ulikuwa bado umesimama, na makombora ya nyuklia ya Marekani na ya Umoja wa Kisovyeti yalikuwa bado yametazamana. Kulinganisha moshi wa viwanda na vita vya namna hiyo hakukuwa mzaha.

Tamko hilo halikuishia kwenye maneno. Lilitaka mambo mawili makubwa, na ni kwa mambo hayo mawili kwamba miaka iliyofuata inaweza kupimwa. La kwanza lilikuwa tarakimu: kwamba dunia ipunguze utoaji wa gesi ya kaboni kwa asilimia 20 ya kiwango cha mwaka 1988, na kazi hiyo ikamilike ifikapo mwaka 2005. La pili lilikuwa mfuko: kwamba uanzishwe mfuko wa dunia wa kuilinda hewa, na sehemu ya fedha zake itokane na tozo juu ya mafuta na makaa yanayochomwa na nchi tajiri zenye viwanda. Kwa ufupi, anayechafua apunguze, na anayechafua alipe.

Tamko la Toronto halikuwa mkataba. Hakuna serikali iliyotia saini, na hakuna iliyobanwa nalo kisheria. Hata hivyo lilisukuma mambo mbele. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao makuu yake Nairobi, yalilizindua mjini Geneva jopo la wanasayansi wa serikali mbalimbali, ambalo tangu hapo limekuwa likitoa ripoti zinazotegemewa na dunia nzima. Mkataba wa hali ya hewa ulifuata mjini Rio de Janeiro mwaka 1992, na Itifaki ya Kyoto mwaka 1997.

Palikuwa pia na mwenyeji mmoja aliyeichukulia ile tarakimu kuwa ni yake. Baraza la mji wa Toronto lenyewe, mwezi Januari mwaka 1990, lilipitisha azimio la kupunguza gesi ya kaboni inayotoka mjini humo kwa asilimia 20 ya kiwango cha mwaka 1988 ifikapo mwaka 2005. Mwaka 1991 ukaanzishwa mfuko wa mji wa kugharamia kazi hiyo, ukiwa na mtaji wa dola milioni 23 za Kanada zilizotokana na kuuzwa kwa ardhi ya mji. Haya yalifanyika wakati ambapo serikali nyingi za kitaifa zilikuwa bado zinabishana kama tatizo lipo.

Sasa imepita zaidi ya miaka 35. Ni vema kutazama yaliyotokea kwa wanyama, kwa bahari na kwa maisha ya kila siku ya watu, huko Kanada na huku Afrika Mashariki.

Kaskazini mwa mkoa wa Ontario, ambao Toronto ni makao yake makuu, iko Ghuba ya Hudson. Ukubwa wake ni kama wa bahari, na wakati wa baridi maji yake huganda yote. Kwenye ufukwe wake wa magharibi, katika mkoa wa Manitoba, uko mji mdogo wa Churchill, karibu kilomita 2,000 kutoka Toronto, ambao ni maarufu kwa dubu weupe. Dubu hao huwinda sili, na uwindaji wao wote hufanyika juu ya barafu. Dubu hujibanza kando ya tundu ambalo sili hulitumia kuvuta pumzi, akamngoja atokeze kichwa. Barafu inapoyeyuka, dubu hulazimika kupanda nchi kavu, na huko hukaa miezi kadhaa pasipo chakula cha maana, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, mpaka maji yagande tena.

Kwa hiyo, kwa dubu, barafu ni shamba lake, na majira ya joto ni kiangazi chake cha njaa. Tangu miaka ya 1980 barafu ya upande wa magharibi wa ghuba hiyo imekuwa ikivunjika wiki kadhaa mapema kuliko zamani na kuchelewa kuganda. Kiangazi cha dubu kimerefuka. Majike waliokonda huzaa watoto wachache, na watoto wanaozaliwa huwa wadogo na wengi hawafiki mwaka wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wajumbe walipokuwa wakikutana Toronto, dubu wa eneo hilo walikadiriwa kuwa karibu 1,200. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2021 iliwakadiria kuwa 618, yaani karibu nusu. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, tawi la Scarborough, walichapisha uchunguzi unaoonyesha kwamba sababu kuu ya kupungua huko ni upungufu wa chakula unaoletwa na kufupika kwa msimu wa barafu.

Si wanyama wote wanaopungua, na hilo nalo ni sehemu ya tatizo. Mfugaji wa Afrika Mashariki anamfahamu kupe tangu utotoni, na anajua maradhi ambayo kupe huleta kwa ng'ombe. Mkazi wa Toronto wa zamani hakuwa na haja ya kumjua, maana kupe wa miguu myeusi hakuweza kustahimili baridi ya Ontario isipokuwa katika maeneo machache. Kadiri msimu wa baridi unavyopoa makali yake, mdudu huyo amesonga kaskazini, na leo hupatikana katika bonde la mto Rouge, upande wa mashariki wa mji huo. Anabeba ugonjwa wa Lyme, ambao huleta homa, uchovu na maumivu ya viungo. Mwaka 2009 Kanada iliorodhesha wagonjwa 144 wa ugonjwa huo. Mwaka 2021 waliorodheshwa zaidi ya 3,000. Mzazi anayempeleka mtoto matembezini katika misitu ya mabondeni sasa hushauriwa kumkagua mwilini wanaporudi nyumbani, kama vile mfugaji anavyomkagua ndama.

Bahari nazo hazikusalimika. Zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi duniani kutokana na gesi hizo limemezwa na bahari. Watu hulalamikia joto la hewa, lakini hewa imebakiwa na sehemu ndogo tu ya mzigo. Kwa wakazi wa pwani ya Waswahili, jambo hilo lilijidhihirisha mwaka 1998, miaka kumi baada ya onyo la Toronto. Mwaka huo maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe kuanzia Kenya hadi Mafia na kwingineko yaligeuka meupe. Tumbawe ni mnyama anayeishi kwa ushirika na mimea midogo mno iliyomo ndani ya mwili wake, ambayo humpa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yanapozidi joto, tumbawe huifukuza mimea hiyo. Joto likipungua mapema, mimea hurudi na tumbawe hupona. Joto likidumu, tumbawe hufa, na mwamba uliokuwa bustani ya samaki hubaki jiwe lililofunikwa na majani ya baharini.

Katika baadhi ya miamba ya pwani hiyo sehemu kubwa ya matumbawe ilikufa mwaka 1998. Mahali pengine yalirejea polepole katika miaka iliyofuata. Lakini joto limekuwa likirudi kabla majeraha hayajapona, na mwezi Aprili mwaka 2024 wataalamu walithibitisha kwamba dunia ilikuwa katika wimbi la nne la kufa weupe kwa matumbawe, wimbi lililoikumba Afrika Mashariki pia. Mvuvi wa ngalawa asiye na uwezo wa kufika bahari kuu hutegemea samaki wa miamba. Mwamba ukifa, hana pengine pa kutupa ndoana.

Kwa upande wa Zanzibar, joto hilo limewafikia wanawake wanaolima mwani katika vijiji kama Paje na Jambiani, ambako kilimo hicho kilianza mwaka 1989. Kuna aina mbili kuu za mwani unaolimwa huko, na ile yenye bei nzuri zaidi ndiyo isiyovumilia maji ya moto. Katika maji ya kina kifupi, ambako mkulima anaweza kufika kwa miguu maji yanapokupwa, mwani huo umekuwa ukifa mashambani. Njia iliyobaki ni kuupanda kwenye kina kirefu, penye maji ya baridi zaidi, lakini huko hutakiwa chombo na ujuzi wa kuogelea, mambo ambayo wakulima wengi hawakuwa nayo.

Tukirudi Toronto kwenyewe, maisha ya kila siku yamebadilishwa zaidi na mvua. Hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi: kila nyuzi moja ya Selsiasi inapoongezeka, hewa huweza kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke wa maji. Mvuke huo lazima uanguke mahali. Mji huo uliwahi kuonja mafuriko makubwa zamani, mwezi Oktoba mwaka 1954, wakati kimbunga kilichoitwa Hazel kilipoua watu 81 mkoani Ontario, 35 kati yao wakiwa wakazi wa barabara moja tu, Raymore Drive, kando ya mto Humber. Baada ya msiba ule serikali ilikataza watu kujenga mabondeni, na ndiyo sababu mabonde ya mito ya Toronto hadi leo ni bustani na misitu.

Tahadhari hiyo ilikuwa ya busara, ila ilikuwa tahadhari dhidi ya mito. Mafuriko ya miaka ya karibuni hutokea hata mahali pasipo mto, kwa sababu mvua ya mwezi mzima huanguka kwa saa chache juu ya lami na saruji, na mabomba ya kupitisha maji yaliyozikwa zamani hayawezi kuyameza. Tarehe 8 Julai mwaka 2013, kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege wa Pearson kilipima milimita 126 za mvua. Treni iliyobeba abiria wapatao 1,400 ilizingirwa na maji katika bonde la mto Don, na abiria wakatolewa kwa mashua. Hasara iliyolipwa na makampuni ya bima ilikaribia dola bilioni moja za Kanada. Tarehe 16 Julai mwaka 2024 mvua ya milimita karibu 98 iliangukia kituo hichohicho, na barabara kuu inayopita katika bonde lilelile ikageuka mto, magari yakielea.

Wanaoumia zaidi katika mafuriko ya namna hiyo ni wale wanaoishi katika vyumba vya chini ya ardhi. Katika mji ambao kodi ya nyumba ni kubwa, vyumba hivyo ndivyo vyenye unafuu, na hukaliwa kwa wingi na wanafunzi, wazee wa kipato kidogo na wahamiaji wapya, wakiwemo wanaotoka Afrika Mashariki. Maji machafu yanaporudi nyuma kupitia mabomba, huanzia kwao. Mwenye nyumba aliyeko ghorofani aghalabu ana bima. Mpangaji aliyeko chini mara nyingi hana.

Kisha ukaja moshi. Mwaka 2023 Kanada iliungua kuliko wakati mwingine wowote katika kumbukumbu zake. Zaidi ya hekta milioni 15 za misitu na nyika ziliteketea. Mwezi Juni mwaka huo moshi uliifunika Toronto, jua likawa jekundu mchana, na hewa ya mji ikahesabiwa miongoni mwa hewa mbaya kabisa katika miji mikubwa duniani. Watoto walizuiwa kucheza nje, na watu wenye pumu wakashauriwa wafunge madirisha.

Upo mwingiliano mwingine usioonekana katika takwimu za mvua. Magharibi mwa Toronto, kandokando ya barabara iitwayo Dixon Road, kuna jamii kubwa ya Wasomali, baadhi yao waliopitia Kenya na kujua Kiswahili. Kuanzia mwaka 2020 hadi mwaka 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindikana katika Pembe ya Afrika. Mifugo kwa mamilioni ilikufa. Mwezi Aprili mwaka 2023 jopo la wanasayansi wa kimataifa lilisema kwamba ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu liliufanya ukame wa aina hiyo uwe na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi. Katika miaka hiyo simu zilikuwa zikilia Toronto usiku: kisima kimekauka, ngamia wamekwisha, mama amehamia kambini. Dereva wa teksi na mhudumu wa hospitali walikatwa mishahara yao na mvua isiyonyesha upande wa pili wa dunia, maana fedha zilipaswa kutumwa.

Hapa ndipo ile tarakimu ya mwaka 1988 inapostahili kutazamwa tena. Mwaka 1988 dunia ilitoa karibu tani bilioni 22 za kaboni dayoksaidi kutokana na makaa, mafuta na gesi. Kama ushauri wa Toronto ungefuatwa, mwaka 2005 ingetoa chini ya tani bilioni 18. Mwaka 2005 ulipofika, ilitoa karibu bilioni 30. Kanada yenyewe, iliyokuwa mwenyeji wa mkutano, ilikuwa imeahidi huko Kyoto kushuka asilimia 6 chini ya kiwango cha mwaka 1990. Kufikia mwaka 2005 gesi zake zilikuwa zimepanda kwa karibu robo, na mwezi Desemba mwaka 2011 ikatangaza kujitoa katika Itifaki ya Kyoto. Mwaka 2024 dunia nzima ilitoa zaidi ya tani bilioni 37, na mwaka huo ukawa wenye joto kali kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa. Mkanada wa kawaida hutoa takriban tani 14 za kaboni kwa mwaka, ilhali Mkenya au Mtanzania hafikii hata nusu tani.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2005 jambo jingine lilitokea karibu na Toronto. Mwezi Aprili, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lakeview, uliosimama kando ya ziwa katika mji jirani wa Mississauga, ulizimwa kabisa. Dohani zake nne ndefu zilibomolewa mwaka uliofuata. Huo ulikuwa mwanzo. Mwaka 2003 karibu robo ya umeme wa Ontario ilitokana na makaa ya mawe. Serikali ya mkoa iliahidi kuifunga mitambo yote ifikapo mwaka 2007, ikashindwa, ikaahirisha, ikaahirisha tena, lakini haikuacha. Mtambo wa Nanticoke, uliokuwa miongoni mwa mikubwa kabisa ya makaa katika Amerika Kaskazini, ulizimwa mwishoni mwa mwaka 2013, na mwezi Aprili mwaka 2014 mtambo wa mwisho ukachoma makaa kwa mara ya mwisho. Nafasi yake ilichukuliwa hasa na nishati ya nyuklia, pamoja na gesi, maji na upepo.

Matokeo yalionekana kwa macho na kwa mapafu. Mwaka 2005 Ontario ilikuwa na siku 53 za tahadhari ya hewa chafu. Mwaka 2014 haikuwa na hata moja. Mji wa Toronto, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya kuzimwa kwa mitambo hiyo, umeshusha gesi zake kwa zaidi ya theluthi moja chini ya kiwango cha mwaka 1990. Tangu mwaka 2004 majengo mengi ya katikati ya mji hupozwa kwa maji yenye nyuzi 4 yanayovutwa kutoka kina cha mita 83 cha Ziwa Ontario, badala ya mashine zinazokula umeme mwingi. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba ushauri wa mwaka 1988 ulikuwa ndoto isiyotekelezeka. Palipokuwa na nia ya kudumu, ulitekelezeka, ijapokuwa kwa kuchelewa.

Lakini gesi iliyopunguzwa Toronto haikuuzuia moshi wa mwaka 2023 wala mvua ya mwaka 2024, kwani hewa ni moja na haina mipaka ya mikoa. Ndiyo maana wale wa mwaka 1988 walitaka dunia nzima ipunguze, na ndiyo maana walitaka ule mfuko.

Na mfuko huo je? Ilichukua miaka 34. Mwezi Novemba mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh nchini Misri, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kuzifidia nchi maskini hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya hali ya hewa. Mwaka uliofuata, mjini Dubai, ziliahidiwa takriban dola milioni 700 za Marekani. Ukilinganisha na dola bilioni moja za Kanada zilizolipwa na makampuni ya bima kwa mvua ya jioni moja tu mjini Toronto, utaona udogo wa ahadi hiyo kwa ajili ya nchi zote maskini za dunia.

Wala ile tozo haijapatikana. Mwezi Septemba mwaka 2023, viongozi wa Afrika walikutana Nairobi katika mkutano wao wa kwanza wa hali ya hewa, na katika Azimio la Nairobi wakaitaka dunia iweke kodi ya kaboni itakayogusa biashara ya mafuta na makaa, pamoja na usafiri wa meli na wa ndege. Ni jambo lilelile, kwa maana, lililotakiwa Toronto miaka 35 kabla. Tofauti ni kwamba mwaka 1988 liliombwa kama kinga, na mwaka 2023 liliombwa na wale waliokwisha kupata madhara.

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliokutana kando ya Ziwa Ontario mwaka 1988 waliuona ufa, wakaupima, na wakataja bei ya kuuziba: asilimia 20 kwa miaka 17, na tozo kidogo juu ya mafuta ya matajiri. Bei hiyo ilionekana kubwa mno. Bei ya ukuta sasa inalipwa na mkulima wa mwani wa Jambiani anayesimama katika maji ya moto, na mpangaji wa Toronto anayetoa godoro lililolowa nje ya chumba chake cha chini ya ardhi, na hakuna kati yao aliyeulizwa katika mkutano wowote kama angependa ufa uachwe. Ukuta wenyewe haujakamilika, na kila mwaka unaopita huongeza matofali yake.